Bei ya Tulia

Baba,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu Mama amekaa hapa karibu yangu anachambua kunde, na najua nikimaliza kuandika swali lake la kwanza litakuwa kama nilikusalimu au nilianza moja kwa moja kulalamika. Basi nimekusalimu. Sasa nalalamika.

Maksai wetu Tulia tumemuuza. Aliondoka Alhamisi. Nimekaa siku nne nikitafuta namna ya kukuambia, na kila namna niliyoipata ilikuwa mbaya, kwa hiyo nimeamua kukuambia hivi hivi. Tumemuuza kwa Mzee Masalu, yule wa ng'ambo ya ziwa, na bei nitakuambia, lakini tulia kwanza. Umeona, hata neno lenyewe linanipa shida.

Nimechoka, Baba. Usidhani naandika huku nalia. Machozi yaliniishia wakati wa masika. Huu ni uchovu wa mtu aliyelima ekari moja na nusu kwa jembe la mkono pamoja na mama yake, wakati ng'ombe anayejua kulima amesimama pembeni anawatazama. Mikono yangu sasa unaweza kuwashia kiberiti. Ukiwa hai tulilima ekari sita, na bado Jumapili ulipata muda wa kwenda kanisani na kusinzia.

Kuna jambo hukulijua, kwa sababu lilifanyika siku ile umelazwa ndani na wanawake tumekuzunguka. Wazee walitoka kwenda zizini kuchagua. Unajua mila yetu, watu waliokuja kumlilia mwenye mji hawaondoki na njaa, na nyama yao inatoka kwenye zizi la marehemu mwenyewe, si ya kununua. Zizini kulikuwa na wanne tu: Bariadi, Tulia, yule jike wa maziwa na ndama wake. Jike ni wa Mama, ndama ni mdogo. Baba Mdogo Shija akaangalia waliobaki akasema yule mnene. Mdogo wako yuko Igoma mwaka wa kumi sasa, anauza vipuri vya baiskeli. Yeye aliona ng'ombe wawili, hakuona plau. Hakuna aliyekuja kuniuliza mimi, ingawa kila mtu pale alijua ni nani alikuwa akitembea nyuma ya ng'ombe wale tangu mgongo wako ulipoanza kukusumbua. Niliposikia kelele nikatoka nje, Bariadi alikuwa tayari amelala juu ya majani.

Watu walikula wakashiba, wakasema marehemu alikuwa mtu mkubwa. Walikuwa wanakula nusu ya plau yako. Nami nilikula, Baba. Ningefanyaje, ilikuwa nyama ya msiba wako.

Tulia alikaa miezi akilala upande wake wa kulia wa zizi, na ile nafasi ya kushoto aliiacha wazi. Ndama akienda kulala pale, alimsukuma kwa pembe, pole pole, bila kumuumiza. Nilijaribu kumuunganisha na maksai wa jirani yetu mmoja wa huku bondeni. Lakini naye alifundishwa upande wa kulia, na wewe ndiye uliyenieleza kwamba ng'ombe wa kulia hutembea ndani ya mtaro uliokwisha kulimwa, na yule wa kushoto hutembea juu kwenye majani. Sasa hawa wawili wote walitaka mtaro. Walisukumana kutwa nzima kama watu wanaogombea kivuli. Mistari ilipinda mpaka mwenye ng'ombe akacheka, kisha akakasirika, kisha akafungua nira akaenda zake. Siku ile nilirudi nyumbani nikachukua jembe la mkono na sikumwambia Mama neno.

Baada ya kuvuna ndipo Mzee Masalu akaja. Kwa Mama nilipaswa kueleza ni nani, maana kwenye mazishi alimwona tu kati ya watu. Wewe unamjua kuliko sisi. Ni yule mliyekuwa mkikutana kila mwaka Mabatini, kwa fundi wa kuchomelea, mkisubiri majembe ya plau yanyooshwe. Nilikwenda na wewe mara nne au tano, nikawaona mnavyokaa kwenye lile benchi mnakunywa chai ya mama mmoja na mnabishana kama ng'ombe wa Sengerema wana akili kuliko wa kwetu. Hamkuwahi kutembeleana. Hukujua mke wake anaitwa nani. Lakini aliposikia umefariki alivuka na kivuko akaja akashika koleo kaburini. Akala nyama. Akarudi.

Na safari hii alikuja kwa sababu maksai wake wa kulia alikufa kwa ugonjwa, amebaki na wa kushoto. Alikaa kwenye kigoda chako, Mama akamruhusu, tukaongea mvua, tukaongea pamba. Kisha akasema amesikia tumebaki na Tulia peke yake. Akasema yeye hakupenda siku ile walipomchinja mwenzake, ila alikuwa mgeni asingeweza kusema. Akauliza kama tunauza, na kama tunauza, shilingi ngapi.

Nilimwambia ataje yeye. Akasema mwenye mali ndiye anayetaja. Nikamwambia basi anipe wiki mbili.

Hapo ndipo ninapokulaumu, na kama unaweza kunisikia, sikia. Umenifundisha kufunga nira, kunoa jembe, kumtibu ng'ombe bega lililochubuka, kusoma wingu la upande wa ziwani. Kutaja bei hukunifundisha. Hukunifundisha kwa sababu na wewe hukujua. Miaka yote uliyolima pamba bei ilitoka redioni. Tulikaa kimya hapa uani, mtangazaji akasema daraja la kwanza kadhaa, daraja la pili kadhaa, ukasema "Haya," ukazima redio usimalize betri. Ulinung'unika, ndiyo, lakini hukutaja. Sasa wanunuzi wanakuja na mizani zao, wanasimama barabarani, mmoja anataja hivi asubuhi na mwingine anataja vile jioni, na wote wanakugeukia wanasema wewe unataka ngapi. Mwaka wako wa mwisho nilikuona ulivyosimama mbele ya yule kijana mwenye miwani ya jua alipokuuliza swali hilo. Ulimwangalia kama mtu aliyeulizwa umri wa mkewe. Ukamwambia, "Wewe toa tu." Naye akatoa tu. Nilikasirika na wewe safari nzima ya kurudi, na sikukuambia.

Nilikwenda mnadani kujifunza. Nilimwongoza Tulia mpaka kule, nikasimama naye pembeni, nikajifanya muuzaji. Wakaja watu wa bucha. Mmoja akamminya paja, mwingine akamshika nundu, wakazungumza wenyewe kwa wenyewe, wakasema elfu sabini. Nikawaambia huyu anajua kulima. Yule aliyeshika nundu akasema, bila ubaya wowote, kwamba kulima hakuongezi kilo. Nikarudi naye nyumbani. Tulitembea polepole, na mara mbili alisimama akanisubiri, maana siku hizi mimi ndiye ninayebaki nyuma.

Kisha nikaenda Igoma kwa Baba Mdogo. Nilikuwa sijazungumza naye sawasawa tangu msiba, lakini biashara anaijua. Alinikaribisha vizuri, akaninunulia soda, akanisikiliza. Akasema taja laki na ishirini. Nikamwambia ni nyingi mno. Akasema nisiangalie ng'ombe, nimwangalie mnunuzi: huyu mzee amebaki na wa kushoto, anataka wa kulia, wa kulia aliyefundishwa yuko wapi kuanzia hapa mpaka kivukoni? "Kabula, mtu akiwa na shida, ile shida yake ndiyo bei." Alisema hivyo huku akipanga minyororo ya baiskeli ukutani, kwa sauti ya mtu anayekusaidia. Na kweli alikuwa ananisaidia. Hakuwa anajua kwamba mbele yake amekaa mtu aliyebaki na wa kulia anayetaka wa kushoto, na kwamba wa kushoto ni yeye aliyemchagua akachinjwa. Nilimaliza soda yangu, nikashukuru.

Mama alikuwa na lake. Mama alisema mtu aliyeshika koleo kwenye kaburi la mume wake hafanyiwi mambo ya mnadani, nimwachie tu kwa chochote alicho nacho.

Basi nikalala na bei tatu kichwani, na hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Kama angekuwa ndugu, ningempa, naye mwaka mwingine angenipa. Kama angekuwa mgeni, ningemkamua mpaka tone la mwisho na nisingemwona tena. Sasa huyu ni mtu wa kufahamiana tu. Mtu wa benchi. Ukimtajia juu utakuwa umemwibia rafiki wa baba yako, ukimtajia chini utakuwa umemfanya ndugu bila yeye kukuomba. Hili nalo ungenifundisha, maana wewe ulikuwa na watu wengi wa namna hiyo.

Nikuambie nilichokuwa nataka hasa. Sikutaka hela peke yake. Nilitaka Tulia asife kwa kisu. Nilikwisha kumwona mmoja juu ya majani, nikasema moyoni mwangu huyu wa pili hapana. Nikatafuta bei ya kumwepusha na kisu. Nikaipata, na nilijiona nina akili sana.

Mzee Masalu aliporudi nilimwambia elfu sitini na tano.

Alikuwa ameshika kikombe. Alikiweka chini. Nilidhani atafurahi, lakini uso wake ukafunga. Nikaanza kumweleza kasoro zote, maana wewe ulisema ng'ombe anauzwa na kasoro zake mdomoni mwa mwenyewe. Nikamwambia ana miaka tisa, amebakiza misimu minne mitano ya kazi, si zaidi. Nikamwambia bega la kulia huchubuka nira ikiwa mpya. Nikamwambia jua likifika utosini anasimama, umpige usimpige, mpaka apate maji. Nikamwambia anaogopa chuma chini ya miguu, kwenye daraja la mtoni huwa tunamfunika jicho la kushoto ndipo avuke. Nilivyozidi kusema ukweli ndivyo alivyozidi kuniangalia kwa wasiwasi. Mwishowe akauliza, kwa upole kabisa, "Binti yangu, huyu ng'ombe ana nini?"

Nikasema hana kitu zaidi ya hivyo. Akasema sawa, akaaga, akaondoka bila kumaliza chai.

Baada ya siku tatu akarudi na mtu mwingine, mtaalamu wao wa ng'ombe huko ng'ambo. Baba, yule mtu alimfungua Tulia mdomo, akavuta ulimi, akahesabu meno. Akamwinua mguu mmoja mmoja. Akamkimbiza kuzunguka zizi, akaweka sikio ubavuni akasikiliza pumzi. Nilisimama nikaangalia, na nilijisikia kama ni mimi ninayefunguliwa mdomo. Mtu uliyekuwa ukinywa naye chai miaka kumi amekuja na shahidi nyumbani kwako! Mama aliingia ndani akafunga mlango. Tulia mwenyewe alivumilia yote, jina lake hukukosea kulichagua.

Mtaalamu hakukuta kitu ambacho sikukisema. Akaenda kukaa mbali, akatuachia sisi. Mzee Masalu akavua kofia akasema nimsamehe, siku hizi kitu rahisi kinatisha kuliko kitu ghali, mwaka jana alinunua mbegu kwa bei nzuri na hazikuota. Akasema mnadani ningepata sabini kwa wenye bucha, na yeye analijua hilo, na mimi nalijua. Sasa kwa nini sitini na tano?

Nikamwambia. Nilimwambia nimempunguzia ili aniahidi kwamba hatamchinja na hatampeleka mnadani. Siku akizeeka amwache ale majani mpaka afe mwenyewe. Nilisema haraka haraka, sikumwangalia.

Nilisikia Mama ndani amesimamisha kazi yake anasikiliza. Kisha mzee akasema maneno ambayo nakuandikia kama alivyoyasema, kwa sababu nayasikia mpaka sasa.

"Binti yangu, hiyo si bei. Hapo unanipa ng'ombe wako nikufugie. Mimi nina wajukuu saba, na ipo miaka mvua inakataa. Nitajie bei yake yote, niilipe yote. Ili siku nikimchinja niwe nimechinja ng'ombe wangu, nisiwe nimekukosea wewe."

Nilinyanyuka nikaenda zizini. Nilikuwa na hasira, Baba, siwezi kukuficha. Nilimwona mzee mkatili, mwenye moyo wa bucha. Nilimshika Tulia pale nyuma ya sikio anapopenda na nikaamua nitarudi nimwambie simuuzi, aende na mtaalamu wake.

Ndipo nikamkumbuka Kapera. Sijui kwa nini nilikuwa nimemsahau. Yule maksai wako wa zamani mwenye pembe moja, aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Alipozeeka ulimpeleka Igoma kwa mwenye bucha wewe mwenyewe, kwa mkono wako, na ulirudi na hela na kilo mbili za sukari na ukakaa siku mbili husemi na mtu. Siku ya tatu ukatoka kwenda shamba. Hukumpa mtu mwingine huo mzigo. Na kama aliyekuuzia Kapera angekuja kukudai ahadi, ungemwambia nini? Ungemwambia maneno yale yale ya Mzee Masalu, pengine kwa ukali zaidi.

Na nikaona kitu kingine, cha aibu. Kwa sitini na tano ningenunua dume mmoja mdogo, na ningebaki pale pale, na ng'ombe mmoja asiye na mwenzake. Nilikuwa tayari kulima kwa mkono mwaka mwingine, na kumlimisha Mama kwa mkono mwaka mwingine na magoti yake yale, ili mtu baki aniwekee Tulia hai huko ng'ambo nisikomwona. Nilikuwa naliita jambo hilo upendo. Labda lilikuwa upendo. Lakini Mama ndiye angelilipia.

Nikarudi. Nikamwambia tukae tuhesabu pamoja, kwa kuwa mimi sijui kutaja. Akacheka kidogo, akasema hata yeye hajui, na wewe hukujua, mlikuwa mnalalamika tu pale kwa fundi. Tukaanza na ile sabini ya bucha, ng'ombe hawezi kuwa chini ya nyama yake. Tukaongeza kazi ya kumfundisha, misimu miwili ya jasho lako. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema tuongeze kwa sababu ni wa kulia na yeye anahitaji wa kulia. Nikasema hapana, hiyo ni shida yake, siwezi kuiuza. Akasema basi niweke kidogo, asionekane ameomba. Tukatoa umri, tukatoa lile jambo la chuma. Nikataja laki moja, akataja tisini, maana bei isiyoguswa nayo ni dharau, tukakutana tisini na tano. Haikutukamua wala haikutupendelea. Mama alifungua mlango akatoka na chai mpya, hiyo akainywa mpaka chini.

Alhamisi nilimsindikiza mwenyewe mpaka Kigongo. Mzee Masalu alikuja na kamba yake, yetu tukaifungua ikabaki hapa, kama ulivyokuwa ukifanya. Tulitembea asubuhi yote watatu, mzee mbele, mimi na Tulia nyuma. Tulipofika kivukoni akaona lile bati la chuma wanalolishusha magari yapite juu yake, akasimama. Watu wakaanza kupiga kelele, dereva wa lori nyuma yetu akapiga honi. Mzee alivuta kamba, wapi. Nikaweka kiganja changu kwenye jicho lake la kushoto, nikasema taratibu yale uliyokuwa ukisema wewe, akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili. Alitetemeka mwili mzima lakini akaingia. Nikamwonyesha Mzee Masalu mahali pa kuweka mkono, nikautoa wangu na yeye akauweka wake. Kiganja chake ni kikubwa kuliko changu. Tulia alipumua kwa nguvu, kisha akatulia.

Nilishuka kabla hawajanyanyua bati. Sikusubiri kukitazama kivuko kikienda, Baba. Nilikuwa na njaa, miguu inauma, na nilitaka kupata lifti kabla jua halijawa kali.

Jumamosi nilinunua madume wawili, wadogo, hawajui chochote. Mmoja mweusi, mmoja wa kahawia mwenye baka usoni. Jana niliwafunga nira kwa mara ya kwanza. Mweusi alikaa chini kama mbwa, wa kahawia akamburuta mpaka kwenye mihogo ya Mama. Baba Mdogo Shija alikuwepo, alikuwa ameleta mnyororo mpya wa plau kutoka dukani kwake. Alisema atanifanyia bei ya ndugu, kisha akasimama akaangalia ile nira, akaangalia nafasi mbili zilizojaa, na hela hakuchukua. Wa kushoto na wa kulia sijaamua bado. Majina pia bado. Misimu miwili ya jasho, na safari hii ni langu peke yangu, na nikifikiria tu nataka kulala.

Mama sasa anauliza mbona barua ni ndefu hivi, na anataka nikuambie kunde zimekuwa nzuri, na kwamba msalaba wako tumeupaka rangi upya baada ya mvua kuubabua. Anataka pia nimtume mtu wa Busisi, kule kivuko kinakoshukia, akatuletee habari za Tulia, kama anakula, kama bega linamchubuka. Ananiuliza hivyo kila siku tangu Alhamisi, na kila siku namwambia hapana, na yeye ananiona nimekuwa na moyo mgumu.

Pumzika, Baba. Shamba nitalima, ekari sita, labda si mwaka huu. Mama nitamtunza. Na kitu kimoja nakuahidi, ambacho kitanishinda usiponisaidia: watu wa ng'ambo wakipita hapa na mizigo yao nitawakaribisha maji, nitawauliza habari za mvua, habari za pamba, habari za watoto wa Mzee Masalu, na nitaishia hapo. Habari za Tulia sitauliza. Nilikwisha kulipwa.

Mwanao,
Kabula